Ulimi wa Dokta Veneranda

Niliamini, tena kwa moyo wangu wote, kama mtu anavyoamini kwamba kesho jua litachomoza upande wa Gairo, kuwa Dokta Veneranda alikuwa anaonja mate ya nguruwe. Si kwa bahati mbaya. Kwa makusudi, kikazi, kila asubuhi kabla ya chai. Anaweka tone ulimini, anafumba macho kidogo, halafu anatoa hukumu: huyu mzima, huyu ana kitu mapafuni, huyu apigwe sindano leo leo. Habari hiyo nilipewa na Bi Nyemo, mpishi wa kantini yetu pale Mpwapwa, mwanamke aliyekuwa na sauti ya kuita watu kutoka wilaya ya jirani. "Nimemwona kwa macho yangu haya mawili, wewe dereva," aliniambia huku akisonga ugali. "Pale dirishani. Kashika kile kijiti chake cha kioo, anafyonza kama mtoto aliyenunuliwa soda." Nikamuuliza anafyonza nini. Akauacha mwiko umesimama wenyewe kwenye sufuria, akanitazama kwa huruma. "Sasa kwenye chumba cha mate ya nguruwe mtu atafyonza nini? Juisi ya zabibu?" Nikaona hoja imekamilika. Kesho yake nilipita dirishani kwa kujifanya natafuta spana, na kweli, Dokta alikuwa amesimama pale, kijiti cha kioo mdomoni, mashavu yameingia ndani, macho yametulia kama ya mtu anayesali. Kuanzia siku hiyo nilimheshimu mara mia zaidi.

Mwaka huo ulinirudia wote mzima juzi juzi, nilipoletewa kadi ya kumuaga Dokta Veneranda, anastaafu. Niliisoma kadi nikiwa nimesimama getini, na kabla sijaingia ndani nilikuwa nimeshasikia harufu ya spiriti na pumba. Habari za ukoo wangu nitaziruka, hazina nguruwe hata mmoja. Itoshe kusema kwamba ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yamefunguka, mitumba imejaa hadi vichaka vya Mpwapwa vimevaa suruali za Ulaya, na kila aliyepunguzwa kazini anafuga kitu nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa dereva wa mradi mdogo wa afya ya mifugo, kijana wa makamo mwenye masharubu, na saa za kazi zikiisha nilivaa shati safi nikaenda kukaa kwenye dawati la watoto, magoti yamegusa kidevu, nikasoma masomo ya jioni. Leo mimi ni mhitimu. Cheti changu kimetundikwa sebuleni mahali ambapo hata apitaye barabarani anaweza kukisoma, akitaka, na wengine nimewaita waje wakisome.

Maabara ya Dokta ilikuwa chumba kimoja kilichowahi kuwa stoo ya mahindi. Kulikuwa na meza ndefu, friji la mafuta ya taa lililokohoa kuliko nguruwe wetu, chupa zimepangwa kama wanakwaya, na ukutani picha ya nguruwe aliyepasuliwa ubavuni kuonyesha vilivyomo. Mimi mwisho wangu ulikuwa kwenye jamvi la mlangoni. "Yohana, viatu vyako vina kila kitu ninachokitafuta," aliniambia siku ya kwanza, wala hakucheka. "Ukiingia navyo, nitakipata kwenye kila chupa." Dokta alikuwa Mhaya, mrefu, mwembamba, anayeongea polepole kama anayepima dawa. Mimi na Bi Nyemo tuliongea kwa debe, yeye aliongea kwa kijiko cha chai. Alikuwa amesoma ng'ambo na angeweza kubaki huko akavaa makoti. Badala yake alikuwa anapiga magoti kwenye mabanda ya Mlali na Kizota, akimbembeleza nguruwe ashike kamba.

Kamba ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Alinieleza garini, njiani kwenda Dodoma, na ninavyokumbuka mimi hakuna profesa aliyewahi kueleza jambo vizuri kama lile. "Ukivamiwa na wezi nyumbani kwako utafanyaje?" aliniuliza. "Nitapiga yowe, Dokta." "Basi na mwili ni hivyo hivyo. Bakteria wakiingia, ini linapiga yowe. Yowe lake ni protini fulani, linazimwaga kwenye damu kwa wingi, hata kabla mnyama hajaanza kukohoa wala kukataa chakula. Ukipima damu ukazikuta nyingi, ujue ndani kuna wezi. Hazikwambii mwizi ni nani, zinakwambia tu yumo." Nikamwambia basi tupime damu, mambo yaishe. Akanitazama pembeni. "Umeshawahi kumtoa nguruwe damu, Yohana?" Nilikuwa nimeshawahi kumshika mmoja. Walitakiwa wanaume wanne na kamba ya puani, na mayowe ya yule mnyama yalisikika Kongwa, nina hakika, na ng'ombe wa huko wakaacha kutoa maziwa. Hapo ndipo akili ya Dokta ilipokuwa. Protini zile, alisema, kidogo huvujia kwenye mate. Na nguruwe ukimning'inizia kamba safi ya pamba, anaitafuna mwenyewe kwa raha zake, hujamgusa. Unaikamua kamba kwenye chupa, unachanganya na dawa zake, rangi ikibaki hafifu nguruwe mzima, ikikolea kuwa ya kahawia kama chai ya rangi, nguruwe anaumwa. Wakati ule hata wakubwa zake walikuwa bado wanabahatisha kama mate yanaweza kusema kile kinachosemwa na damu. Yeye alitaka kujua kwa nguruwe wa Dodoma.

Nilisikiliza yote, nikaelewa yote, na bado nikaamini ulimi. Kichwani mwangu nililipanga hivi: rangi ni kwa ajili ya wafadhili, maana mfadhili huwezi kumwandikia kwamba umeonja. Ukweli unatoka ulimini, rangi inafuata baadaye kuthibitisha. Na ushahidi ulikuwa kila mahali ukiutafuta. Mchana tulikula pamoja kantini, benchi moja, ugali wa uwele na mlenda, na Dokta hakuweza kabisa kuugusa mlenda. Alikuwa anautazama ukivutika kutoka kwenye kijiko cha mwenzake kama uzi wa fundi cherehani, anameza mate, anaomba maharage. "Mhaya huyo, kazoea ndizi," alisema karani wa mradi wetu. Mimi na Bi Nyemo tulitazamana. Sisi tulijua. Mtu aliyeshinda na yale ya kwenye chupa tangu asubuhi, mchana umletee mlenda? Tena alikuwa akionja maharage anasema, "Bi Nyemo, leo umebadilisha chumvi," na kweli Bi Nyemo alikuwa amenunua chumvi ya mawe kwa mtu mwingine. "Umeona?" Bi Nyemo aliniambia baadaye, ananong'ona kwa sauti iliyofika posta. "Ulimi ule si wa kawaida. Ule ni mtambo." Kumuuliza mwenyewe haikuwezekana. Jambo kama hilo humuulizi mtu unayemheshimu, kama vile huwezi kumuuliza padri anakunywa divai kiasi gani.

Mama Roza alikuwa Kizota, mjini Dodoma, kwenye uwanja mwembamba katikati ya gereji na mashine ya kukoboa. Alikuwa karani wa shirika moja hadi shirika lilipowapunguza, akachukua kiinua mgongo chake chote akakigeuza nguruwe. Mumewe alishafariki, watoto wote shuleni. Kila sare, kila daftari, kila debe la mahindi katika nyumba ile lilitoka bandani. Na banda lilianza kukohoa. Majirani wakalalamika kwamba ugonjwa utasambaa, mwenyekiti wa mtaa akaja na fimbo yake ya heshima, ikaamuliwa hivi: Dokta apime. Wakionekana wagonjwa wachache, watengwe watibiwe. Wakiwa wagonjwa wote, basi wote waondoke mtaani, lori lije liwabebe kwenda machinjoni, na Mama Roza asifuge tena pale. "Mwanangu," Mama Roza alimwambia Dokta, akiwa ameshika mlango wa banda kwa mikono miwili, "mimi sina banda la pili." Dokta akamjibu, "Nimekuelewa, mama."

Sasa kamba za pamba zilizoletwa kutoka ng'ambo zilikuwa zimetuishia. Si tulikuwa Tanzania, nchi ya mkonge? Duka la Bwana Hamisi lilikuwa hatua chache tu kutoka kwa Mama Roza. Bwana Hamisi alikuwa Mrangi wa Kondoa, mtu mzima wa kofia safi na salamu ndefu, Mwislamu ambaye nguruwe hakuwagusa ila aliwasalimia wenye nguruwe kila siku asubuhi. Alikuwa na bunda la kamba ya katani, mpya, inanukia shamba, nzuri kuliko kamba zote za Ulaya. Sote tuliisifu. Tukakata vipande, tukawaning'inizia, nguruwe wakatafuna kama wamealikwa harusini. Damu tuliwatoa wachache tu, maana mayowe yalileta mafundi gereji wote ukutani. Tukarudi Mpwapwa na chupa zetu tukiwa na furaha kubwa.

Chupa za mate zilikolea zote. Zote, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, kahawia iliyoiva, kama msiba umepikiwa chai. Dokta alikaa akizitazama muda mrefu, halafu akafanya alichotakiwa kufanya, akaniendesha hadi Kizota, maana siku hiyo hata nikiwa nimeshika usukani nilikuwa kama naendeshwa, akamwambia mwenyekiti kipimo kinavyosema. Mama Roza hakulia. Aliingia ndani akatoka na vikombe, akatumiminia uji, kwa sababu tulikuwa wageni. Lori lilipangiwa Jumamosi.

Ila kuna kitu kilikuwa kinamkereketa Dokta, na nilikijua kwa namna alivyokuwa anafunga na kufungua mkoba njia nzima. Zile damu chache. Kesho yake asubuhi alinijia pale nilipokuwa nafuta kioo cha gari. "Yohana, damu inayakatalia mate. Nguruwe yule yule, damu inasema mzima, mate yanasema anakufa." Nikasema pengine mate ndiyo yanajua zaidi. Hakunisikia. Alikuwa ameshika kipande cha kamba ya katani kilichobaki, kipya, hakijaingia banda lolote, anakiviringisha vidoleni. Halafu, mbele yangu, mbele ya Bi Nyemo aliyekuwa anachambua mchele mlangoni, Dokta wa watu mwenye shahada ya ng'ambo akaitia ile kamba mdomoni akaanza kuitafuna. Akatafuna, akatafuna, kwa utulivu, kama mbuzi wa mzee mwenye heshima. Bi Nyemo akaangusha ungo. Dokta akatema kwenye kitambaa cheupe, akakinyoosha juani. Mate yalikuwa ya pinki.

"Inachoma," alisema, na kwa mara ya kwanza mwaka ule nikamwona anacheka, fizi zinamtoka damu. "Kamba ya katani inachoma fizi. Ile dawa yangu inakolea kwa protini, lakini inakolea vile vile kwa wekundu wa damu. Tumewatoboa nguruwe wa watu midomo, halafu tukasema wanaumwa." Akaniamrisha na mimi nitafune ili awe na hakika. Nikatafuna. Namwambia msomaji, nimeshawahi kung'olewa jino bila ganzi, lakini siku ile ya katani bado inaongoza. Bi Nyemo alitikisa kichwa siku nzima. "Nilikwambia," akaninong'oneza. "Huyu kila kitu anapima kwa mdomo."

Kilichofuata ndicho hasa kilichonifanya nimtaje Dokta Veneranda kwa wanangu wote, hata wakichoka. Wako watu wengi waliosoma ambao wangeliacha lori lije, wakaandika kwamba utafiti unaendelea. Yeye alikwenda Kizota mchana kweupe, akaomba mwenyekiti aite watu mbele ya duka la Bwana Hamisi, na gereji yote ikaja na mikono ya grisi. Akasimama. "Nilisema nguruwe wa Mama Roza wote ni wagonjwa. Nilikosea. Kipimo changu kilipima kamba, hakikupima nguruwe. Naomba nirudie." Mwenyekiti akapiga fimbo chini. "Dokta mzima, na digirii yako, unakuja kutuambia umekosea?" "Ndiyo, mwenyekiti. Ndiyo maana nimekuja mchana, nanyi wote mpo." "Na tutajuaje kama safari hii hukosei? Labda Mama Roza amekupa mguu wa nguruwe!" Watu wakacheka, na kicheko kile hakikuwa kizuri. Mama Roza alikuwa ameinamisha kichwa. Dokta akatoa kisu, akakata kamba mpya kutoka kwenye bunda la dukani, akamnyooshea mwenyekiti. "Tafuna, mwenyekiti. Ukitema mate meupe, lori lije."

Mwenyekiti akarudi nyuma kana kwamba amenyooshewa nyoka. Hapo Bwana Hamisi akatoka nyuma ya kaunta, akavua miwani. "Lete hapa," alisema. "Kamba ni yangu, bunda ni langu, imetoka kwangu haijapita kwa mtu wala kwa mnyama. Kama inauma, mimi ndiye wa kwanza kutakiwa kujua." Akatafuna mbele ya mtaa mzima, kofia imenyooka, anamtazama mwenyekiti machoni. Akatema juu ya karatasi nyeupe ya kufungia sukari. Mafundi gereji wakasogea, mmoja akapiga mluzi. "Pinki, mzee!" "Naona," alisema Bwana Hamisi, akifuta mdomo. "Mwenyekiti, huyu mama ni jirani yangu. Ninachokula na anachofuga havijawahi kugombana. Mwache Dokta arudie." Mwenyekiti akatazama karatasi, akatazama watu, akasema amekubali, ila kwa sauti ya mtu aliyetaka ionekane ni wazo lake.

Kamba ya pamba Dodoma nzima haikuwepo. Bwana Hamisi akafikiri, akapanda ngazi, akashusha boksi la tambi za jiko la mafuta ya taa. "Hizi si pamba?" Zilikuwa pamba tupu, laini, safi. Nyembamba mno kwa mdomo wa nguruwe, lakini Mama Roza alizichukua, akakaa kwenye kigoda, akaanza kuzisuka. Binti zake wakaja, na wasusi wawili wa jirani, na katika muda ambao mimi nilimaliza soda moja tulikuwa na misuko mizuri kuliko vichwa vingi nilivyoviona kanisani. "Nguruwe wa Mama Roza leo wanatafuna msuko wa twende kilioni!" fundi mmoja alipiga kelele, na safari hii kicheko kilikuwa kizuri.

Chupa ziliporudi Mpwapwa nilisimama kwenye jamvi hadi miguu ikafa ganzi. Nikamwona tena dirishani na kijiti chake, mashavu ndani, nikasali kwa ajili ya ulimi ule. Karibu zote zilibaki hafifu kama maji yaliyooshea mchele. Zilizokolea zilikuwa chache, na damu, safari hii tuliwatoa wote mayowe yawe mayowe, ikakubaliana na mate neno kwa neno. Wale wachache wakatengwa nyuma ya mashine ya kukoboa, wakapigwa sindano, Mama Roza akiwasimamia kama muuguzi wa zamu, na kikohozi kikaisha. Lori halikuja. Mwenyekiti, Krismasi ilipofika, alikuwa wa kwanza kuagiza nyama, na akataka paja.

Basi kwenye sherehe ya kumuaga, ukumbi umejaa, Dokta ana mvi na fimbo sasa, nilijipenyeza hadi kwenye kipaza sauti bila kualikwa. Nikawasimulia watu kuhusu ulimi. Nikawaambia wasomi wote mle ndani wana mashine, lakini sisi enzi zetu tulikuwa na ulimi mmoja wa Mhaya uliojua ugonjwa kabla nguruwe mwenyewe hajajua, na kwamba ulimi ule serikali ingeukatia bima. Watu walicheka hadi wakalia. Mama Roza, mzee sasa, alinipigia vigelegele kutoka kwenye meza ya kitimoto, nyama ya nguruwe wake aliyoichangia mwenyewe. Nikashuka kama mshindi. Dokta akaniita kwa kidole nikae kiti cha pembeni yake.

"Yohana, hiyo habari ya ulimi umeitoa wapi?"

"Kwa marehemu Bi Nyemo, Dokta. Na mimi mwenyewe nilikuona dirishani. Ukifyonza."

Akaweka uma chini. Alinitazama kwa ule utulivu wake wa kijiko cha chai.

"Nilikuwa navuta maji," alisema. "Maji safi, ya kuchanganyia dawa. Maabara ilikuwa na mpira mmoja tu wa kuvutia, na huo ulikuwa wa mate na damu. Maji nilivuta kwa mdomo, kwa ule mrija wa kioo."

"Hata tone moja hukuwahi kuonja?"

"Hata moja. Ladha yake siijui, na wewe huijui. Kama ulimi ungetosha, Yohana, ningekusumbua na kamba za nini? Nilikuwa natafuta kitu ambacho Mama Roza anaweza kumning'inizia nguruwe wake mwenyewe, mimi nikiwa sipo." Akanisogezea sahani. "Sasa kula, nyama inapoa."